Sarafu za Ukumbusho Zionekanazo Katika Chenji

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani wa hesabu, mbele ya mkutano wa chama.)



Katibu wetu aliponiandikia barua ya kunitaka niseme neno katika mkutano huu, aliniomba nichague jambo lenye kuelimisha, tena lisilo refu. Hilo la pili naweza kuwaahidi. La kwanza mtahukumu nyinyi wenyewe. Mimi si mtaalamu wa sarafu, wala sina sanduku la sarafu za kale nyumbani kwangu. Mimi ni karani. Nimepokea na kuhesabu fedha za watu wengine tangu nilipokuwa na miaka ishirini na michache, na mengi nitakayosema yameingia kwa vidole kabla ya kuingia kwa macho.

Kabla sijaendelea, naomba sarafu hii ipite mikononi mwenu, ianzie kwa Bwana Mwenyekiti, izunguke safu kwa safu. Itazameni pande zote mbili. Ni shilingi arobaini ya Kenya. Naitoa moja, na natumaini kupokea moja.

Wazee wanaifahamu. Vijana walioingia kazini juzi naona wanaigeuzageuza kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba asiyoijua. Basi niwaeleze. Ilitolewa mwezi wa Desemba 2003, Kenya ilipotimiza miaka arobaini ya uhuru. Imefanyizwa kwa madini ya rangi mbili, nyeupe na manjano, na uso ulio juu yake ni wa Rais Mwai Kibaki, aliyekuwa na mwaka mmoja tu katika madaraka. Thamani yake ndiyo ya ajabu. Shilingi moja tunayo, tano, kumi, ishirini, na hamsini. Arobaini haikuwapo kabla yake, wala haikuja nyingine nyuma yake. Aliyeichagua hesabu hiyo hakuwaza habari za sokoni, aliwaza habari za miaka. Na gharama ya wazo lake tukailipa sisi makarani, kwa maana sarafu hiyo haikuwa na fungu lake katika sanduku la fedha. Ililazwa pamoja na za ishirini, na jioni hesabu ikakataa kukaa.

Uso ule pia ulizusha maneno. Wengi walikuwa wakitumaini kwamba desturi ya kutia nyuso za marais walio hai katika fedha ilikuwa imekwisha. Sarafu za mwaka wa 2005 zikarudi kwenye uso wa Mzee Jomo Kenyatta, na baadaye Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 231, ikakata shauri kabisa: noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote. Ndiyo sababu sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na tembo. Mnyama hana chama cha siasa.

Ziko sarafu nyingine za ukumbusho ambazo mkono wa karani hauzigusi maisha yake yote. Mwaka wa 1966 Kenya ilitoa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 kwa heshima ya miaka 75 ya Mzee Kenyatta. Tanzania nayo mwaka wa 1974 ilitoa za fedha zenye twiga na kifaru, na moja ya dhahabu yenye duma, kwa ajili ya hifadhi ya wanyama. Hizo huuzwa ndani ya vijisanduku kwa watu wasiokusudia kununua nazo kitu. Sina ugomvi nazo, lakini leo sizisemi. Nasema zile zinazoingia katika chenji ya mkate bila kubisha hodi.

Ya kwanza ya namna hiyo naliiona kwa bibi yangu, mzaa mama. Alikuwa na kamba ya senti zenye tundu, zile za Afrika ya Mashariki, zilizochorwa pembe za ndovu zilizopinda kulizunguka tundu. Ziliacha kutumika zamani, kabla mama yangu hajawa mtu mzima, ila bibi hakuzitupa. Mwaka wa 2004, nalipokuwa kidato cha kwanza katika shule ya sekondari ya misheni, nalirudi likizo nikaziosha kwa majivu ili nizisome. Moja ilikuwa ya mwaka wa 1936, na jina lake ni la Mfalme Edward wa Nane.

Shule zilipofunguliwa nalimwuliza mwalimu wetu wa historia, naye akafurahi kuliko nalivyotazamia. Mfalme yule alishika kiti tangu Januari hadi Desemba 1936, akakiacha kwa ajili ya mwanamke aliyetaka kumwoa, wala hakuvikwa taji. Katika Uingereza kwenyewe sarafu zenye uso wake hazikupata kutolewa kwa matumizi ya watu. Lakini senti za Afrika ya Mashariki zilikuwa na tundu katikati, na penye tundu hapana nafasi ya uso; jina peke yake lilitosha. Kwa hiyo zikafuliwa upesi, zikapakiwa, zikaja. Bibi yangu, asiyejua kusoma herufi moja, alikuwa na jina la mfalme ambalo watu wa London hawakulipata mifukoni mwao.

Likizo ya pili nalimweleza bibi habari hiyo yote, na kiti, na taji, na mwanamke. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaishika senti ile kwa vidole viwili, akasema, "Hii nalipewa kwa kuku mwekundu." Ndiye kuku wake wa kwanza kumwuza mwenyewe, naye alikuwa mtoto. Alikumbuka rangi ya kuku, na mtu aliyemnunua, na kwamba alimwonea huruma kuku njiani akataka kurudi naye. Habari ya mfalme hakuiuliza tena.

Mama yangu naye alikuwa mwuza ndizi katika soko la Taveta, na wanaoujua mpaka ule wanajua kwamba fedha za nchi mbili hukutana huko katika kopo moja. Kopo lake la maziwa lilikuwa na sarafu za Tanzania ambazo hata wenyewe ng'ambo hawakuzipokea tena, maana bei za vitu zilikuwa zimekwisha kuzipita. Ilikuwapo ya shilingi tano ya mwaka wa 1971, iliyotolewa kwa miaka kumi ya uhuru wa Tanganyika. Ina pembe kumi. Sisi watoto twaliipenda kwa hilo tu. Mwalimu akitaka umbo la pembe kumi, twaliilaza juu ya daftari tukaizungushia kalamu. Sidhani walioifikiria waliwaza hesabu za darasa la sita, lakini ilitusaidia.

Ilikuwapo pia shilingi moja ya mwaka wa 1966, yenye mkono ulioshika mwenge. Hiyo mama hakuturuhusu kuichezea. Mtanivumilia nieleze sababu. Mama hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alichoambiwa na wazee wake ni kwamba alizaliwa mwaka ule watu waliposema mwenge umewashwa juu ya mlima. Nasi wa Taveta tukisema mlima, hatutaji jina, kwani huo Kilimanjaro unatutazama kila asubuhi. Mwenge ule uliwekwa kileleni na Luteni Alexander Nyirenda, Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961. Basi mama alipokwenda kuomba kitambulisho, karani akamwuliza mwaka wa kuzaliwa, naye akaitoa shilingi ile katika pindo la kanga, akamwonyesha mwenge. Karani alifikiri kidogo, akaandika 1961. Mimi sikuwapo, sikuwa nimezaliwa. Lakini kila nikimwona mwanamke mzee dirishani hana karatasi yoyote, namkumbuka karani yule ambaye sikumjua jina, aliyekubali kufikiri kidogo.

Sasa nirudi kwenye hiyo inayotembea mikononi mwenu. Nalipokuwa nikienda kuanza kidato cha kwanza, mama alinisindikiza hadi kituo cha magari. Sanduku langu la bati lilikuwa limekwisha kufungwa juu ya gari. Akanipa shilingi arobaini moja, mpya, iking'aa bado, maana ilikuwa na miezi miwili tu tangu itolewe. Akaniambia, "Hii si ya kula. Siku utakayokwama, hii itakuleta nyumbani." Kwa mwanafunzi wa bweni mwenye njaa, amri hiyo si nyepesi. Naliishona ndani ya ukanda wa suruali ya Jumapili. Mara mbili nalichukua wembe nikae niifumue kwa ajili ya mandazi, na mara mbili nikauweka wembe. Siisemi kwa kujisifu. Mara ya pili mwenzangu aliniwahi kwa mandazi yake.

Mwaka wa 2006, nikiwa kidato cha tatu, zilinifikia habari kwamba mama ni mgonjwa sana. Mwalimu wa zamu aliniruhusu kuondoka. Fedha nalizokuwa nazo zilitosha gari la kwanza. La pili sikuwa na kitu ila ukanda wa suruali. Naliufumua kwa meno pale pale kituoni, nikampa kondakta sarafu. Aliitazama, akamwita dereva naye aitazame, wakacheka, wakanipakia. Nauli haikutimia, na nadhani walijua.

Nalimkuta mama ana fahamu zake. Jambo la tatu aliloniuliza, baada ya masomo na baada ya kama nimekula, lilikuwa, "Na ile sarafu?" Nikamwambia nimelipa nauli. Akasema, "Basi imefanya kazi yake." Alikufa siku ya tisa.

Nalimaliza shule kwa msaada wa wajomba, na miaka michache baadaye nikapata kazi ya ukarani, kupokea ushuru katika soko moja ambalo sitalitaja. Siku moja ya mwaka wa 2012, jioni, nikihesabu mkusanyo, nikaiona shilingi arobaini katikati ya za ishirini. Haikuwa ile yangu, hilo nalijua, ziko nyingi. Lakini mkono wangu haukujua. Nikatoa mfukoni mwangu ishirini mbili, nikazitia sandukuni, na hiyo nikaitia mfukoni. Hesabu ilitimia kama awali. Hapana senti moja iliyopungua.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Alikuwa ameketi nyuma yangu akisoma gazeti, au nalidhani anasoma.

"Kijana, fedha zimetimia?"

"Zimetimia, mzee."

"Mbona mkono wako uko mfukoni?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha sarafu. Nikamwambia nimeweka arobaini yangu badala yake. Akaniuliza, "Nani alikuona ukiweka?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi arobaini uliyoweka haipo. Iko iliyotoka tu." Ndipo nikamweleza habari ya mama, tangu kituo cha magari hadi siku ya tisa, na sauti yangu haikuwa sawa. Alikunja gazeti. Alikaa kimya kitambo, nami nikadhani amelainika. Akasema, "Pole sana. Irudishe. Chukua ishirini zako. Kesho asubuhi omba kuibadili mbele ya mtu wa pili, tuandike kitabuni, uichukue."

Nikairudisha. Mfuko ukafungwa na kutiwa lakiri. Asubuhi nalifika saa mbili kasorobo, nikaambiwa mfuko umekwenda benki tangu saa moja na nusu, kwa sababu ilikuwa mwisho wa mwezi.

Wenzangu, nitasema kweli. Kwa miezi mitatu nalimwamkia mzee yule kwa salamu ya kazi tu. Nami nimelifikiri jambo hilo miaka zaidi ya kumi, na bado sijalimaliza. Kwa upande mmoja, alisema haki. Fedha ya umma na fedha yangu zikikutana katika kiganja kimoja bila shahidi, hakuna ajuaye ipi ni ipi, hata mimi mwenyewe baada ya mwaka mmoja. Nimewaona walioanza kwa kubadili sarafu, kisha wakabadili noti, kisha wakaazima hadi Jumatatu. Na Jumatatu nyingine haikufika kamwe. Kwa upande wa pili, mlinzi wa soko alikuwa nje hatua kumi. Angeweza kuitwa awe shahidi, kalamu ilikuwapo, kitabu kilikuwapo, na jambo lingekwisha kwa dakika tatu. Kanuni ilimtaka mzee anirudishe nyuma. Kanuni haikumkataza kumwita mlinzi. Nadhani alichoka, au aliogopa kwamba akinilegezea kwa machozi siku ile nitayatumia tena siku nyingine. Tangu siku hiyo, mtu akija mbele yangu na jambo linalohitaji shahidi, hujitahidi kumtafuta shahidi kabla ya kumtafutia kesho.

Mwaka wa 2014 nalinunua mkate na sukari katika kibanda karibu na nyumba niliyopanga. Mwenye duka alinirudishia chenji gizani, umeme ulikuwa umekatika. Nikaisikia kwa kidole gumba kabla ya kuiona, kwa ukubwa wake. Nikarudi nikamwambia, "Umenipa shilingi arobaini." Akadhani nimekuja kudai, akasema, "Si ndiyo haki yako?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo haki yangu. Sijui kwa nini nilirudi kuuliza.

Mzee yule alikuwa amekwisha kustaafu. Jumapili iliyofuata nalipanda gari nikaenda kwake, nikamwonyesha. Aliitazama upande mmoja na upande wa pili, akaniuliza, "Chenji ya nani?" Nikasema, "Yangu, mzee, nalinunua mkate." Akasema, "Risiti unayo?" Tukacheka wote wawili hadi mkewe akaja kutazama kuna nini. Hatukuitaja siku ile ya lakiri. Alinipa mayai sita niende nayo.

Siku hizi ushuru wa soko letu hulipwa kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, sarafu zimekuwa zikipungua mezani mwetu mwaka hata mwaka, na siwezi kusema kwamba ni hasara: hesabu hukaa, wakaguzi huondoka mapema, na yule kijana anayeanza kazi leo hakutani na jaribu nililokutana nalo mimi. Lakini ujumbe wa simu, ukishasomwa, hufutwa. Rais Kibaki alipofariki, Aprili 2022, mwenzangu mmoja ofisini alifungua mtoto wa meza akatoa shilingi arobaini yake, akaiweka juu ya faili. Hakusema neno juu ya siasa. Alisema aliipata siku mke wake alipojifungua, katika chenji ya chai ya hospitali, na kwamba mtoto huyo sasa yuko kidato cha pili. Mwingine akasema yeye aliipata akaitumia siku hiyo hiyo kwa sigara, na kwamba ameacha sigara lakini hajaacha kuijutia sarafu. Kazi ilisimama robo saa. Ninaungama hapa mbele ya Bwana Mwenyekiti.

Ile ya mwenge naliirithi. Nimeifunga katika kitambaa pamoja na kitambulisho cha mama, maana naona mbili hizo ni karatasi moja. Senti ya mfalme bibi alizikwa nayo, kwa matakwa yake, pamoja na kamba yote. Na hii ya arobaini huitembeza mfukoni, mfuko wa kushoto, mbali na fedha za matumizi, na kila nikiingia ofisini huiweka juu ya meza mbele ya msaidizi wangu kabla sijafungua sanduku. Yeye huniona mtu wa ajabu.

Nimesema vya kutosha. Naona sarafu imefika safu ya nyuma, kwa bibi aliyevaa kitambaa cha buluu, naye ameisogeza karibu na dirisha ili asome mwaka. Asome kwa nafasi yake. Akimaliza, naomba irudi mbele kwa njia ile ile iliyokwenda, na Bwana Katibu aandike katika kumbukumbu za mkutano kwamba ilitoka moja, ikarudi moja.